Wahesabuni Wakiwa Hai: Barua ya Wazi kwa Wanaoruhusu Vyombo Kung'oa Nanga

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Dar es Salaam. Na kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA)

Waheshimiwa Wakurugenzi,

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimelikaribia kabisa gati la Bwisya, kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa kinatoka Bugolora, upande wa Ukerewe, siku ya gulio, na watu walikuwa wanarudi makwao na vile walivyonunua. Jioni ile viongozi, waandishi wa habari na ndugu waliokimbilia ufukweni waliuliza swali moja: walikuwamo wangapi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Mkata tiketi alikuwa amekufa maji na mashine yake ilikuwa imezama. Kilichojulikana ni uwezo wa kivuko chenyewe, yaani abiria 101 na mizigo tani 25.

Jibu lilitolewa na ziwa, kidogo kidogo. Usiku wa kwanza zilihesabiwa maiti zaidi ya 40. Kesho yake zikapita 100. Jumapili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoongoza mazishi pale Bwisya, idadi ilikuwa imekwisha kupita 220. Walionusurika ni 41. Ukijumlisha unapata watu zaidi ya 260 katika chombo cha watu 101, na hesabu hiyo serikali iliipata kwa kupanga miili kwenye mchanga.

Barua hii imeandikwa kwa ajili ya hesabu hiyo. Yako mengi ya kusemwa kuhusu ajali za majini katika nchi hii: uchakavu wa vyombo, uhaba wa maboya, manahodha wanaomwachia usukani mtu asiye na mafunzo, boti za uokoaji zinazochelewa. Yote hayo ni kweli na yote yana watu wa kuyajibu. Lakini ukizipanga ajali kubwa za Tanzania tangu mwaka 1996 na kuzisoma moja baada ya nyingine, kuna jambo linalojirudia katika kila moja bila kukosa. Chombo kiling'oa nanga, na nchi kavu hakubaki mtu hata mmoja aliyejua kimebeba roho ngapi.

Mwezi Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba jioni, ikapitia Kemondo kuchukua watu na mizigo zaidi, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 ikapinduka ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Meli hiyo ya Shirika la Reli ilikuwa na uwezo wa abiria 430 hivi. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, ambako ndiko walikojaa wakulima, wachuuzi wa ndizi na wanafunzi, halikuwa na orodha kabisa. Maana yake ni kwamba walioandikwa peke yao walikuwa wameijaza meli, na wasioandikwa walikuwa bado wanapanda.

Waliookolewa wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 100. Waliokufa je? Mpaka leo ukisoma magazeti ya kila kumbukumbu ya mwezi Mei utakuta 800, utakuta 894, utakuta 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, tume ikaundwa chini ya Jaji Robert Kisanga, maofisa wa Shirika la Reli wakashtakiwa, na makaburi ya Igoma nje kidogo ya jiji la Mwanza yakapewa mnara. Idadi haikupatikana. Wako watu waliozama siku ile ambao hakuna karatasi ya serikali inayosema kwamba walipanda.

Tukio lile lina sehemu moja inayouma zaidi kuliko nyingine zote. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini, tumbo likiwa juu ya maji, na watu waliokuwa ndani wakawa wanagonga chuma ili wasikike. Waokoaji walitoboa tumbo la meli kwa nia njema ya kuwatoa. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa inaibeba meli na kuwapa pumzi waliokuwa hai, ikatoka kwa tundu hilo, na meli ikashuka. Wazamiaji waliofuata, wakiwamo wa jeshi la majini la Afrika Kusini, walikwenda kutafuta miili. Haifai kuwatwika lawama wale waliotoboa, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha la kufanya, na kila mmoja wao alikuwa anasikia sauti ileile ya kugonga. Linalotajwa hapa ni kwamba hata katika saa zile hakuna aliyejua kama waliokuwa ndani ni kumi au mia tano, na hilo ni jambo ambalo mwokoaji anapaswa kuwa nalo mkononi kabla hajashika nyenzo yoyote.

Zanzibar nako msiba ulikuja kwa njia ileile. Usiku wa Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011, MV Spice Islander I iliyokuwa imetokea Dar es Salaam iliondoka Unguja kwenda Pemba. Siku kumi hivi zilikuwa zimepita tangu Idi, na wengi walikuwa wanarudi nyumbani na familia zao. Meli ilikuwa imejengwa Ugiriki mwaka 1967, na uwezo wake ulikuwa abiria 645 na mabaharia 45. Ilijaa mpaka abiria wenyewe wakalalamika ingali gatini. Baadhi yao walishuka na kukataa kusafiri, na kushuka kule ndiko kulikowaokoa. Hao walioteremka hawakuwa na utaalamu wa meli. Walitumia macho tu, na macho yao yaliona kile ambacho mamlaka iliyokuwa pale bandarini haikukiona, au ilikiona na kukinyamazia.

Baada ya saa saba usiku, katika mkondo wa Nungwi ambao kila mvuvi wa kaskazini mwa Unguja anaujua kwa ukali wake, meli ililala ubavu na kuzama. Watu walishika magodoro, mapipa, chochote kilichoelea. Waliookolewa katika siku ya kwanza peke yao walikuwa zaidi ya 600, yaani karibu wanatosha kuijaza meli nzima kwa mujibu wa cheti chake. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Kama ungeishia hapo, ungeamini kwamba hiyo ni ajali kubwa lakini yenye mipaka inayojulikana.

Lakini Pemba ilijua vingine. Nyumba baada ya nyumba, shehia baada ya shehia, watu walianza kutaja majina ya wasiorudi, na majina hayo hayakuwamo kwenye karatasi yoyote. Ilipofika Januari 2012 tume ya uchunguzi ya Serikali ya Mapinduzi ikatoa hesabu yake: meli ilikuwa na watu 2,470. Ukiacha ile miili 203, watu 1,370 hawakuonekana tena. Waliokufa kwa jumla ni 1,573. Kwa miezi minne nchi ilikuwa inaomboleza ajali ya watu mia mbili na ushee, kumbe waliozama ni zaidi ya elfu moja na mia tano.

Tofauti hiyo kati ya 203 na 1,573 haiishii kwenye takwimu. Mjane ambaye mume wake hakuonekana maiti, wala jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya abiria, anaanzaje edda? Anakwenda kwa kadhi na ushahidi gani? Mirathi inagawanywa lini, na mtoto anachukua wapi cheti cha kifo cha baba yake? Jirani anasema alimwona akipanda. Mwingine anasema alimwona bandarini Malindi, Unguja, lakini hana hakika kama alipanda. Yule ambaye jina lake limeandikwa ana pa kuanzia. Yule ambaye hakuandikwa, wafiwa wake wanapaswa kwanza kuthibitisha kwamba alisafiri, kisha ndipo waruhusiwe kuthibitisha kwamba amekufa. Orodha ya abiria ndiyo hati ya mwisho ambayo mtu anaiachia nchi kavu, na kwa watu 1,370 hati hiyo haikuwa na maana.

Miezi kumi baada ya Spice Islander kuzama, Jumatano ya tarehe 18 Julai 2012, siku mbili hivi kabla ya Ramadhani, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam kwenda Unguja. Pepo za kusi zilikuwa zinavuma kama zinavyovuma kila mwezi wa Julai. Boti hiyo ilikuwa imejengwa mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa Puget Sound, maji ya ndani yaliyokingwa na nchi kavu katika jimbo la Washington, Marekani, kisha ikaletwa kufanya kazi kwenye bahari ya wazi. Uwezo wake uliosajiliwa ulikuwa watu 250. Ilikuwa imebeba watu 290 hivi, na hata hapo hesabu ilibishaniwa. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Barua hii inamtaja kwa heshima, maana katika orodha ndefu ya misiba hii ni vigumu kupata kiongozi mwingine wa ngazi hiyo aliyeondoka kwa hiari yake.

Msiba huu hauko Tanzania peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa mita chache tu kutoka ukingoni, kikiwa na watu karibu 400 ilhali uwezo wake ni 300, na watu 272 wakafa. Senegal mwaka 2002 meli ya Le Joola, iliyokuwa na nafasi za watu 580 hivi, ilikufa na watu 1,863. Walionusurika walikuwa 64. Oktoba 2024 boti iliyotokea Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, nchini Kongo, wakati barabara imefungwa kwa sababu ya vita na watu hawana njia nyingine isipokuwa Ziwa Kivu. Pale nako, siku ya kwanza, mkuu wa mkoa alikuwa na idadi yake na watu wa Kituku walikuwa na yao.

Sasa, Waheshimiwa, mtasema kwamba sheria ipo. Ipo kweli. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao mizizi yake ni kuzama kwa Titanic, unataka watu wote waliomo kwenye meli ya abiria wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na idadi yao ijulikane nchi kavu kwa ajili ya utafutaji na uokoaji. Lakini mkataba huo unazibana meli zinazotoka nchi moja kwenda nyingine. Bukoba kwenda Mwanza ni safari ya ndani. Unguja kwenda Pemba ni safari ya ndani. Bugolora kwenda Ukara ni safari ya ndani ya wilaya moja. Kwa hiyo abiria wa Pemba hakuwa na ulinzi ambao mtalii aliyepanda meli ya anasa ya kimataifa alikuwa nao, ingawa maji ni yaleyale. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha kanuni za mfano kwa ajili ya vivuko vya safari za ndani, likijua fika kwamba huko ndiko wanakofia watu maskini wa dunia. Kanuni hizo hazimlazimishi mtu. Nchi inazichukua ikitaka.

Mbona hesabu inashindikana majini na haishindikani kwingineko? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na makasia yao, wakavunja mlango wa nyuma na kuwatoa watu. Saa za mwanzo zilikuwa na mkanganyiko. Ilitangazwa kwamba waliookolewa ni 26. Kisha shirika likatazama orodha yake: ndani walikuwamo watu 43, abiria 39 na wahudumu wanne wakiwamo marubani. Waliokufa walikuwa 19. Basi walionusurika ni 24, na wale wawili waliozidi walikuwa waokoaji waliopelekwa hospitali wakadhaniwa ni abiria. Karatasi moja iliumaliza ubishi wote siku ileile. Hakuna mama wa Kagera aliyekaa miezi minne akijiuliza kama mwanawe alipanda ndege ile.

Ziwa ni lile lile lililoimeza MV Bukoba. Mkoa ni ule ule ambako meli hiyo ilianzia safari. Kilichotofautiana ni nauli, na desturi iliyozoeleka kwamba mwenye tiketi ya ndege lazima ajulikane kwa jina lake, na mwenye tiketi ya daraja la tatu akijulikana ni bahati.

Wala haifai kusema kwamba kuhesabu watu wengi haiwezekani. Kigamboni, Dar es Salaam, maelfu ya watu huvuka kila siku, na geti la kadi linajua ni wangapi wameingia. Kwenye boti za mwendokasi kati ya Dar es Salaam na Unguja jina huandikwa kwenye tiketi na kitambulisho huulizwa. Mambo hayo yamefanyika, na wanaoyafanya wanastahili kupongezwa. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba penye fedha na macho ya watu wengi usalama umefika, na penye gulio la wiki na gati la mbao haujafika sawasawa.

Barua hii inaomba jambo ambalo halihitaji meli mpya wala mkopo. Katika kila gati ambalo chombo cha abiria kinaondokea, awepo mtu mmoja anayehesabu vichwa vinavyopanda. Mtu huyo asilipwe na mwenye chombo, na asiwe chini ya nahodha. Awe wenu. Ahesabu kila anayepita, pamoja na mtoto aliye mgongoni, kwa sababu mtoto asiyekatiwa tiketi ndiye wa kwanza kupotea kwenye hesabu na wa mwisho kupata nafasi kwenye boya. Idadi ikifika ile iliyo kwenye cheti, afunge geti. Na kabla kamba haijafunguliwa, hesabu yake pamoja na orodha ya majina vibaki nchi kavu, vikiwa vimetumwa kwa simu kwenye kituo cha uratibu wa uokoaji. Orodha inayosafiri na chombo inazama na chombo. Bwisya imekwisha kutufundisha hivyo.

Uwezo wa chombo uandikwe pia kwenye geti, kwa rangi na kwa tarakimu kubwa, abiria wangapi na mizigo tani ngapi, ili abiria naye awe na la kushika anapolalamika. Wale walioteremka Spice Islander walikuwa na macho tu. Wangekuwa na namba iliyoandikwa ukutani, pengine wangeshuka wengi zaidi, na pengine ofisa angeona haya kuitia saini safari ile.

Uzito nao una hesabu yake. Chombo hakipinduki kwa kuzidiwa tu. Kinapinduka kwa sababu uzito umekaa mahali pabaya. Mizigo ikirundikwa kwenye sitaha ya juu na watu wakapanda juu yake, chombo kinakuwa kizito kichwani. Kikiinama kidogo, maji yanayoingia kwenye sitaha pana ya mizigo hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, na abiria wakiogopa wanakimbia kwa pamoja kuelekea upande wenye nchi kavu au mashua. Ndiyo maana ajali nyingi hutokea gati likiwa linaonekana, wakati watu wamesimama na vifurushi mkononi wakisogea upande wa kushukia. Mtongwe ilikuwa hivyo. MV Nyerere nayo ilikuwa karibu na ukingo hata waliokuwa wamesimama nchi kavu wakaona kila kitu.

Kuna hoja ya upande wa pili, na inapaswa kujibiwa kwa uaminifu. Ukifunga geti Bugolora saa kumi jioni, abiria wa 102 atalala wapi na gunia lake? Huenda asilale. Huenda akatafuta mtumbwi wa mbao usio na boya hata moja, ukiwa umejaa kuliko kivuko, akafia huko bila hata gazeti kuandika. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kumlaumu abiria kuwa mkaidi. Mtu anayepanda chombo kilichojaa mara nyingi hana chaguo, chombo chenyewe ni kimoja, na kesho mtoto anakwenda shule. Jibu liko kwenye kalenda. Gulio linajulikana siku yake. Idi inajulikana mwezi wake. Shule zinafunguliwa na kufungwa kwa tangazo la serikali. Spice Islander ilizama baada ya Idi, Skagit ikazama siku mbili hivi kabla ya Ramadhani, MV Nyerere ikazama siku ya gulio. Katika siku hizo ongezeni safari, kodini chombo cha ziada, pelekeni wakaguzi wenu wawili au watatu wasimame gatini tangu alfajiri. Siku za hatari mnazo tayari, zimeandikwa kwa damu ya watu.

Na serikali ikubali kukaguliwa. Hili pengine ndilo gumu kuliko yote. MV Bukoba ilikuwa ya shirika la umma. MV Nyerere ilikuwa chini ya TEMESA, wakala wa serikali. Ni rahisi kwa ofisa wa TASAC kumzuia mfanyabiashara mwenye boti moja. Kukizuia kivuko cha serikali, mbele ya mkuu wa wilaya anayesubiriwa ng'ambo, kunataka ofisa anayejua kwamba mkurugenzi wake atasimama naye. Baada ya ajali ya Ukara, Rais John Magufuli aliamuru wahusika wakamatwe, bodi ya TEMESA ikavunjwa na mtendaji wake mkuu akaondolewa kazini. Yote hayo yalifanyika maiti zingali zinatolewa majini. Ofisa mmoja aliyefunga geti Alhamisi ile mchana angefanya kazi kubwa kuliko hatua zote hizo kwa pamoja.

Nchi imefanya mengine makubwa, na ni haki kuyataja. Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa Juni 2025, na maelfu waliokuwa wanapanga foleni ya kivuko sasa wanapita kwa gari. MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200 na mizigo tani 400. Kivuko kipya kilipelekwa Ukara. Lakini chombo kikubwa kisichohesabiwa ni hatari kubwa zaidi. Watu 1,200 wakigeuka 1,900 sikukuu moja, tutakuwa tumejenga kwa mabilioni ya shilingi mahali pa kurudia ya Nungwi.

Jambo jingine liko mikononi mwenu hata kama halikuanzia kwenu. Ripoti za tume hizi zichapishwe, kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, na ziuzwe au zigawiwe pale pale bandarini. Mwanafunzi wa chuo cha ubaharia asome ya Jaji Kisanga na ya Spice Islander kabla hajapewa cheti. Mwananchi wa Micheweni, Pemba, au wa Nansio, Ukerewe, asome kilichopendekezwa, aone kipi kimetekelezwa na kipi kimelala kwenye kabati. Ripoti ikishakuwa ya siri, mapendekezo yake hayana wa kuyadai.

Barua hii inaomba majibu ya hadharani, Waheshimiwa, na maswali ni machache. Kwa safari ya leo kutoka Malindi kwenda Mkoani, ni nani nchi kavu mwenye hesabu ya waliopanda, na anaipata saa ngapi? Kwa safari ya Nyamisati kwenda Mafia, mtoto wa miezi sita anaingizwa kwenye hesabu hiyo au haingizwi? Katika mwaka uliopita ni vyombo vingapi vya serikali ambavyo ofisa wenu alivizuia kuondoka kwa kuzidisha abiria, na ofisa huyo yuko wapi sasa? Na kama gati fulani halina mtu wa kuhesabu, litajwe kwa jina, pamoja na tarehe ambayo mtu huyo ataanza kazi.

Wasalaam,
Mwandishi wenu, abiria wa vyombo mnavyovisimamia